Nta ya Mwaka 1906: Sauti za Masasi na Newala Zilivyonaswa

Ndugu wahitimu wenzangu, wengi wetu tulisoma shuleni Wasifu wa Siti binti Saad alioutunga Shaaban Robert, na katika kitabu hicho tulijifunza namna yule bibi wa Unguja, aliyekuwa muuza vyungu, alivyosafiri hadi Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri. Tangu hapo, mtu akituuliza habari za nyimbo za nchi yetu zilizonaswa kwa mashine, jibu letu huwa moja: Siti, Bombay, 1928. Sibishani hata kidogo na heshima ya bibi yule. Lakini yafaa tujue kwamba miaka 22 kabla ya safari hiyo, katika nchi yetu hii hii ya Masasi na uwanda wa juu wa Newala, watu walikwisha kuimba mbele ya mashine na sauti zao zikabaki ndani yake. Hawakuvuka bahari. Mashine ndiyo iliyowafuata, ikibebwa juu ya vichwa vya wapagazi kutoka Lindi.

Aliyeileta alikuwa Mjerumani jina lake Karl Weule, aliyezaliwa mwaka 1864 na kufariki mwaka 1926. Alikuwa mtumishi wa makumbusho ya mila na vifaa vya mataifa katika mji wa Leipzig, ambayo baadaye alikuja kuwa mkurugenzi wake. Mwaka 1906 serikali ya Ujerumani ilimtuma kuja koloni kuchunguza maisha ya wenyeji. Mpango wa kwanza ulikuwa aende upande wa Kondoa Irangi, ila huko kulikuwa na ghasia, basi akageuzwa akapelekwa kusini. Ndivyo mambo ya serikali yalivyo. Sisi tuliozeeka katika ofisi tunajua kwamba mara nyingine historia ya wilaya nzima hugeuka kwa sababu ya simu moja iliyofika asubuhi. Kama Kondoa kungalikuwa shwari, nisingekuwa na makala haya ya kuwaandikia.

Weule aliteremka Lindi katikati ya mwaka huo akaandamana na bwana mkuu wa wilaya, Ewerbeck, hadi Masasi. Katika sehemu kubwa ya safari yake alikuwa pia na Mnorwei mmoja, Nils Knudsen, aliyekuwa ameishi miaka mingi kati ya watu wa huku. Katika mizigo yake mlikuwa na kamera, mashine ya kupigia picha za sinema, na fonografu pamoja na silinda zake za nta.

Hapana budi tukumbuke nchi ilikuwa katika hali gani. Vita vya Majimaji vilifika kwetu Agosti 1905. Misheni ya Masasi, ambayo Askofu Edward Steere aliianzisha mwaka 1876 pamoja na watumwa walioachwa huru, ilichomwa moto. Nyangao nayo ilichomwa, na Weule alipopita njiani aliyaona magofu yake. Baadhi ya wakuu wa Wayao walikataa kujiunga na vita, wengine wa makabila mbalimbali walijiunga, na baada ya vita ikaja njaa. Kwa hiyo mtu aliyeingia Masasi Julai 1906 akifuatana na bwana mkuu wa wilaya na askari hakuwa mgeni wa kawaida. Alipowaomba watu waje bomani kuimba, ni nani aliyekuwa na ubavu wa kumwambia leo sina sauti? Tukizisikiliza nyimbo zile, tukumbuke kwamba boma lilikuwa nyuma ya mwimbaji.

Fonografu yenyewe ilibuniwa na Thomas Edison wa Marekani mwaka 1877. Kwa vijana ambao wamezoea kunasa harusi nzima kwa simu ya mkononi, nitaieleza kwa ufupi. Kuna pembe kubwa kama ya tarumbeta. Mwimbaji huelekeza mdomo ndani ya pembe; sauti yake hutikisa kiwambo chembamba kilichoko mwisho wa pembe; kiwambo hutikisa sindano; na sindano huchora mfereji mwembamba sana juu ya silinda ya nta inayozunguka kwa nguvu ya springi. Ukitaka kusikia, unarudisha sindano mwanzo wa mfereji. Hakuna umeme, hakuna betri. Silinda moja huchukua dakika mbili au tatu tu, halafu imejaa. Kila mara unapoipiga, sindano huikwangua nta kidogo, hata sauti hufifia. Na nta ni nta: joto huilainisha. Anayeijua Masasi ya mwezi Oktoba, mchana, majabali yakiwaka pande zote, atakisia kazi aliyokuwa nayo mtu wa kulinda silinda hizo.

Mtu wa kukumbukwa zaidi kati ya waliosimama mbele ya pembe ile ni Sulila. Alikuwa kipofu, mwimbaji wa Masasi, na Weule amemwandika kwa jina katika kitabu chake na kumweleza kwa kirefu kuliko waimbaji wengine. Watu wa aina yake tuliwaona bado utotoni mwetu: mtu asiyelima kwa sababu ya macho, lakini asiyekosa chakula kwa sababu ya kinywa. Hufika panapo watu, hupiga chombo chake, huimba habari za waliopo na za waliokwisha kupita, na mkusanyiko humwitikia. Tabu ilikuwa moja. Sulila hakuweza kuimba bila kujitikisa, na kwa kuwa alikuwa haioni pembe, mdomo wake ulikuwa ukihama huku na huku. Kwa maelezo ya Weule mwenyewe, ilibidi kichwa cha mwimbaji kishikwe ili sauti iingie panapotakiwa.

Nimeifikiria sana picha hiyo ya kichwa kilichoshikwa. Mtu anaweza kucheka, na naamini waliokuwapo walicheka. Lakini ndani yake mna habari yote ya kazi ile. Mwimbaji wetu huimba kwa mwili mzima, huimba akiwageukia watu, na huimba kwa muda wapendao watu. Mashine ilitaka mdomo mmoja, mahali pamoja, kwa dakika mbili.

Chombo cha waimbaji wa namna hiyo kilikuwa hasa zeze, mti uliobanwa juu ya kibuyu, na uzi uliovutwa juu yake. Walikuwako pia wapiga ulimba na wapiga marimba. Weule alipenda sana vyombo hivi, akavinunua kwa ajili ya makumbusho yake pamoja na vinyago, mitego, vyungu na kila kitu kilichobebeka. Aliwapa hata wapagazi na wanakijiji karatasi na penseli wachore watakacho, na michoro yao ikachapwa kitabuni. Wa kutajwa hapo ni mnyapara wake, Mnyamwezi aliyeitwa Pesa Mbili, ambaye alikuwa mchoraji na mwimbaji pia. Wanyamwezi hao walikuwa wameimba njia nzima kutoka pwani, maana mpagazi asiyeimba huona mzigo wake mzito mara mbili. Kwa hiyo kati ya sauti za Masasi na Newala zilizonaswa mwaka ule zimo za Unyamwezi. Mimi sioni kasoro. Nchi yetu ilikuwa njia kuu ya watu tangu zamani, na Wamakua, Wayao, Wamwera na Wamakonde wenyewe wana kumbukumbu za kuhama.

Kutoka Masasi Weule alikwenda Chingulungulu kwa Matola, mkuu wa Wayao, kisha akapanda uwanda wa Wamakonde hadi Newala, na baadaye Mahuta. Newala ilimwonea. Alikuja akitazamia joto la Afrika, akakuta upepo wa jioni unaopenya mifupa, ambao kila mmoja wetu aliyewahi kulala huko bila blanketi la pili anaujua. Maji yalikuwa ya kuteremkia genge na kupanda nayo kichwani, kama ilivyoendelea kuwa kwa miaka mingi baada yake. Alistaajabu kwamba watu wamechagua kukaa juu kule mbali na maji. Wazee wangemjibu kwamba mtu aliyekimbia wateka watumwa na mashambulizi ya Wangoni huhesabu usalama kwanza, na kiu baadaye.

Huko juu ndiko alikoziona ngoma za Wamakonde, wachezaji wa vinyago na wale wanaotembea juu ya miti mirefu, na ndiko alikojiingiza katika mambo ya unyago. Alipiga picha, zikiwemo za sinema, na zile za sinema ni miongoni mwa picha za kale zaidi za aina hiyo zilizopigwa katika nchi yetu. Alihoji wazee kwa siku nyingi juu ya jando na unyago, akaandika alichoambiwa. Nadhani hakuambiwa yote. Mzee wa Kimakonde anajua kumpa mgeni ganda la muhogo kwa heshima hata mgeni akaondoka akisema ameshiba.

Kuhusu maneno ya nyimbo yafaa tuwe waangalifu. Weule hakukijua Kiyao wala Kimakonde wala Kimakua. Alijifunza Kiswahili kidogo, na kwa mengine alimtegemea Knudsen na wakalimani. Basi wimbo ulitoka katika Kiyao ukaingia Kiswahili, ukatoka Kiswahili ukaingia Kijerumani, na mwaka 1908 ukachapwa Leipzig katika kitabu kiitwacho Negerleben in Ostafrika. Mwaka 1909 kitabu hicho kikatolewa London kwa Kiingereza na bibi Alice Werner, aliyewahi kuishi Nyasaland na ambaye baadaye alikuwa mwalimu mashuhuri wa Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu huko London. Bibi huyu alizijua lugha zetu kuliko mwenye kitabu, na katika maelezo ya chini ya kurasa utamwona akimsahihisha kwa adabu. Ningewashauri wanaosoma kitabu hicho waanze na maelezo hayo ya chini. Na wajiandae kwa kiburi cha zama zile, kwa maana Weule, pamoja na bidii yake yote, alikuwa mtu wa dola iliyomtuma, na mara nyingi huwasema wenyeji kama mtu asemaye watoto. Lakini mwandishi huyo huyo ameandika jina la Sulila. Katika kazi za aina hii jina ni jambo kubwa, na nitaeleza kwa nini.

Marekani nako watu walikuwa wakinasa nyimbo za jadi kwa nta. Jesse Walter Fewkes alianza mwaka 1890 kwa Wahindi Wekundu wa Passamaquoddy, na John Lomax akafuata mwanzoni mwa karne ya 20 kwa nyimbo za wachunga ng'ombe. Kisha mwaka 1927 kampuni za santuri zikawaita New York waimbaji wa milimani wapiga banjo. Banjo, kwa asiyejua, ni mjukuu wa vyombo vya Afrika ya Magharibi, kibuyu kilichowambwa ngozi na kutiwa nyuzi, kilichovuka bahari pamoja na watumwa. Mmoja wa waimbaji hao alikuwa mchimba makaa ya mawe wa Virginia, Dock Boggs, mtu mweupe aliyezaliwa mwaka 1898. Aliimba nyimbo chache za jadi, zikauzwa kidogo, kisha akaiacha banjo akarudi mgodini. Mwaka 1952 santuri za zamani za watu kama yeye zilitolewa upya katika mkusanyo mmoja uliotengenezwa na Harry Smith, na vijana wa mjini wakazipenda mno. Na mwaka 1963 mwanamuziki Mike Seeger akafunga safari kumtafuta Boggs, akamkuta yu hai. Mzee akaichukua tena banjo, akanaswa upya, akaimba mbele ya maelfu mpaka alipofariki mwaka 1971.

Boggs alipatikana kwa sababu jina lake lilikuwa limebandikwa juu ya santuri. Sulila hakuwa na santuri ya kuuzwa, wala hakuna kijana aliyepanda basi kuja Masasi kumwulizia. Alikuwa na nafasi yake katika kitabu cha Kijerumani. Wengine walioimba naye, wale waitikiaji, hawana hata hilo. Na waitikiaji ndio nusu ya wimbo wetu, kila aliyecheza ngoma anajua.

Hapo ndipo penye upungufu mkubwa wa nta. Pembe ya fonografu husikia vizuri mtu mmoja aliye karibu. Ngoma kubwa haisikii sawasawa. Mlio wake mzito hupotea ukabaki mgongano tu. Vigelegele vya wanawake walio hatua kumi nyuma hufika kama upepo. Mtu wa mbali akisikiliza silinda za zama zile anaweza kudhani Waafrika walikuwa waimbaji wa peke yao wenye sauti nyembamba na haraka nyingi. Haraka ilitoka katika silinda, maana mwimbaji alikuwa ameambiwa amalize kabla nta haijaisha.

Silinda za wasafiri wa Kijerumani wa miaka ile zilikusanywa hasa Berlin, katika hifadhi ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1900 na Profesa Carl Stumpf na kuendelezwa na Erich von Hornbostel. Huko walibuni njia ya kutengeneza kalibu ya shaba kutokana na silinda ya nta. Nta yenyewe iliharibika katika kazi hiyo, lakini kutoka katika kalibu waliweza kumwaga nakala nyingine nyingi. Mimi ni mtu wa majalada, na nawaambia kwamba njia hiyo ya kuwa na kalibu moja na nakala nyingi ndiyo iliyoziokoa sauti hizo. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, hifadhi ilihamishwa kutoka Berlin. Baada ya vita sehemu kubwa ilichukuliwa na Warusi hadi Leningrad, ikarudishwa Berlin ya Mashariki, ikakaa huko miaka mingi, na mwaka 1991, baada ya Wajerumani kuungana, ikarejea mahali pake. Mwaka 1999 UNESCO iliiandika katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Makumbusho ya Leipzig hayakuwa na bahati hiyo: jengo lake lilipigwa mabomu Desemba 1943 na vitu vingi vikateketea.

Hapa kwetu, baada ya uhuru, mafundi wa Radio Tanzania Dar es Salaam walinasa ngoma za jadi kwa wingi katika kanda, na kanda hizo ni hazina ambayo bado haijachotwa inavyostahili. Hugh Tracey naye alikwisha kupita Tanganyika mwaka 1950 na mashine bora zaidi. Lakini kati ya nta ya Weule na kanda hizo kuna vizazi viwili, na mwanafunzi anayetaka kujua wimbo wa Kiyao ulikuwaje kabla ya harmonia za kanisani na kabla ya beni kutia tarumbeta kila mahali, hana pengine pa kwenda ila kwenye nta.

Watu wa kusini tumezoea kuulizia mijusi mikubwa ya Tendaguru. Mifupa ile ilichimbwa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, zaidi ya tani 200, ikabebwa na watu wetu hadi pwani, na sasa mmoja wa mijusi hiyo amesimama Berlin akitazamwa na watoto wa shule. Kila Bunge lina mtu wa kuuliza lini atarudi au lini tutalipwa. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa Majimaji, na mazungumzo juu ya mifupa ya mababu na vitu vilivyochukuliwa yakapata nguvu. Sijasikia bado mtu akiuliza sauti. Tena sauti ni rahisi kuliko mjusi: haihitaji meli wala jengo, nakala yake inaingia katika kitu kidogo kuliko kidole, na mwenye nayo hapungukiwi akitoa nakala.

Ugumu uko kwingine, na ningependa wenzangu, hasa mlioko katika ualimu na utamaduni, muufikirie kabla hatujaandika barua yoyote. Katika yale yaliyochukuliwa Newala mwaka 1906 yamo mambo ya unyago. Picha zilipigwa za wasichana waliokuwa katika mafunzo ambayo mwanamume yeyote wa kijiji chao angetozwa faini kwa kuyachungulia. Nyimbo za jando ni fumbo la waliokwisha kuingia. Mama hamwimbii mwanawe wa kiume wimbo wa unyago, na mwali haimbi nje alichofundishwa ndani. Askofu Vincent Lucas, alipotaka jando la Kikristo katika dayosisi ya Masasi, alilazimika kukaa na wazee na mapadri Waafrika ili kuamua lipi libaki na lipi liachwe. Sasa ikiwa yaliyochukuliwa yatarejea, je, yawekwe redioni? Yawekwe maktaba ya mkoa mahali ambapo kila mtu hufungua? Au wapewe kwanza manyakanga wa Newala na Tandahimba, wanawake watu wazima, wasikilize peke yao na waseme wao kipi kitoke na kipi kikae?

Mimi naona manyakanga watangulie, hata kama kwa kufanya hivyo wasomi, nikiwamo mimi, tutabaki nje ya mlango. Wimbo wa Sulila hauna shida hiyo. Yeye aliimba mchana, mbele ya boma la Masasi, na aliyepita njiani alikuwa na ruhusa ya kuitikia.